Kusoma hati ya Word pasipo kufungua Word

MTU anayeendesha tarakilishi kwa kuandika amri, hasa anayehudumia seva iliyo mbali naye, akijaribu kusoma hati ya Word kwa amri ya 'cat' hupatwa na mshangao. Kioo hujaa alama zisizosomeka, naye aghalabu hudhani faili imeharibika.

La hasha. Hati ambayo jina lake huishia .docx, mtindo ulioletwa na Microsoft Office ya 2007, kwa hakika ni kifurushi cha zip. Ndani yake maneno yamechanganywa na maagizo ya herufi nzito, aya na majedwali, kisha yote yakabanwa. Amri ya 'cat' haijui kufungua kifurushi. Humwaga tu ilichopewa.

Dawa ni Pandoc, programu ya bure aliyoianzisha John MacFarlane mwaka wa 2006, profesa wa falsafa (naam, falsafa!) katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huandikwa hivi:

pandoc -t plain barua.docx | less

Pandoc hutoa maandishi matupu, nayo 'less' huyaonyesha ukurasa baada ya ukurasa. Alama ya / hutafuta neno. Q humwondoa msomaji.

Hati za kale za .doc huhitaji programu nyingine, antiword. Hapa faida si wepesi pekee. Kirusi Melissa, kilichoenea duniani mwaka wa 1999, kilijificha katika makro, yaani amri zinazojiendesha hati inapofunguliwa kwa Word. Antiword huchota maneno na kuziacha makro zikilala. Picha, hata hivyo, hazionekani kwa njia hii. Anayetaka kukagua sahihi au muhuri hana budi kutafuta programu inayoonyesha picha, kama vile Word.