Kichwa cha Kanisa

Nani kiongozi wa Kanisa? Mmoja atajibu: padri. Mwingine atasema: Baba Askofu, au Baba Mtakatifu. Hao wote hutuongoza kweli, lakini wao ni wasimamizi. Mwenye Kanisa ni Yezu Kristu. Alipomkabidhi Petro kazi ya kuchunga, kondoo walibaki kuwa wake Yezu, si wa Petro.

Je, tutalitambuaje Kanisa linaloongozwa na Yezu? Tutazame alama tatu.

Kwanza, wakubwa hutumika. Usiku ule kabla ya mateso yake, Yezu alijifunga kitambaa kiunoni, akawaosha mitume miguu. Hiyo ilikuwa kazi ya watumwa. Petro aliona haya, akakataa, lakini mwishowe alikubali.

Pili, kila mtu ana kazi yake. Mwaka wa 1961 maaskofu wa Kongo walikubaliana kujenga jumuiya ndogo za Wakristu. Humo majirani husali, husoma Injili na kuwafariji waliofiwa. Asiyejua kusoma naye aweza kumchotea mgonjwa maji.

Tatu, hakuna mgeni. Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville hata mwaka wa 1966, ni mji wa shaba. Kazi ya migodi iliwaita watu wa Katanga, wa Kasai na wa mbali zaidi. Watoto wao walisoma pamoja, wakabatizwa pamoja. Lakini mwaka wa 1992 maneno ya wanasiasa yaliwasha chuki ya ukabila. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala stesheni pamoja na watoto wao, wakingoja treni. Wengine walikufa. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo Wakristu, na kati ya waliofukuza vilevile.

Saa kama ile ndiyo humpima Mkristu. Nyimbo za Dominika hazitoshi. Anayeongozwa na Yezu humfungulia mlango jirani anayekimbizwa, wala haulizi kwanza kabila lake. Anayefuata kundi la wenye mawe, hata akivaa msalaba shingoni, amejichagulia kiongozi mwingine.

Basi, Kanisa si matofali na kengele tu. Mtoto anayemkaribisha kwenye dawati lake mwenzake anayechekwa na wengine, huyo anamfuata Yezu.

Maswali
1. Kwa nini Petro alikataa kuoshwa miguu?
2. Watu wa Likasi walitoka wapi?
3. Katika darasa lenu, nani anahitaji kukaribishwa?