Kiwashio cha Moto kwa Msafiri

Msafiri alalaye porini wakati wa masika aweza kuwa na kiberiti na kuni, asipate moto. Njiti huzimika kabla kuni mbichi hazijashika. Wengine humwaga mafuta ya taa, wakaungua vibaya. Iko njia iliyo salama zaidi.

Twaa magunzi ya mahindi yaliyokauka sana, uyakate vipande vyenye urefu wa kidole. Kila kipande kifunge uzi wa pamba, ukiacha ncha ndefu. Yeyusha mabaki ya mishumaa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta ikizidi joto huwaka ghafula. Lakini maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100. Chovya vipande, viache vipoe, uviweke katika mkebe wenye kifuniko.

Nta huzuia maji. Gunzi huinyonya kama utambi, likawaka polepole hata kuni zishike. Uwashe ule uzi, ukipanga juu yake vibanzi vilivyopasuliwa kutoka ndani ya kuni, palipo pakavu.

Moto usiwashwe kamwe hemani: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.