Michezo ya Shule katika Miezi ya Baridi: Mzazi Aulize Nini, Anunue Nini

Katika nchi za Ulaya, michezo ya majira ya baridi ni ile ya kuteleza juu ya theluji na barafu. Katika Kiruruma, na kwa jumla katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, miezi ya baridi ni Juni, Julai na Agosti. Mvua za masika zimekwisha, ukungu wa asubuhi hukaa mabondeni, viwanja vimekauka, na kahawa imeanikwa uani. Ndiyo miezi ambayo wanafunzi hucheza zaidi. Ndiyo pia miezi ambayo mzazi huwa na fedha kidogo mkononi, na kila mwenye kuuza jezi, viatu au ahadi analifahamu jambo hilo.

Msimu huu huenda sambamba na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mashindano hayo huanzia shuleni, hupanda ngazi za kata, wilaya na mkoa, na kuishia taifani. Mwaka 2021 fainali zilifanyika Mtwara, na mwaka 2022 Tabora. Michezo inayoshindaniwa ni mingi kuliko wazazi wengi wanavyodhani: mpira wa miguu kwa wavulana na kwa wasichana, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono, mpira wa kikapu na riadha, pamoja na kwaya na ngoma. Wanafunzi wenye ulemavu nao wana nafasi zao, kama vile mpira wa goli kwa wasioona na soka kwa viziwi. Mzazi aliyeambiwa kwamba binti yake au mtoto wake asiyesikia "hana mchezo wake" ameambiwa lisilo kweli, na ana haki ya kuuliza ni kwa nini shule haimwandai.

Hata hivyo, kuwamo kwa mchezo katika mashindano ya taifa si sawa na kuwamo shuleni. Shule yenye uwanja mmoja wa changarawe na mipira miwili itakuwa na soka, netiboli na mbio, na hapo hakuna aibu yoyote. Tatizo huanza pale karatasi ya matangazo inapotaja michezo kumi na uwanja unaonesha mitatu. Kwa shule za kulipia, ambako mzazi hununua huduma kama mlaji mwingine yeyote, tofauti hiyo ina uzito wa kisheria: Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma inayouzwa. Kabla ya kulipa, mzazi atembelee shule saa kumi jioni siku ya kawaida, wala si siku ya mahafali. Aone nani anacheza, mwalimu yupi anasimamia, na kama wasichana wamo uwanjani au wamekaa pembeni wakishangilia. Karatasi ya matangazo aihifadhi, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake baadaye.

Na ikitokea karatasi hiyo ina picha ya watoto wakiteleza juu ya barafu, mzazi aulize barafu hiyo iko wapi. Afrika ya Mashariki haikosi watu wa michezo hiyo. Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Nairobi nako kulifunguliwa kiwanja cha barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005. Lakini Boit alilazimika kwenda kujifunza Finland, na kutoka Karagwe hadi Nairobi si safari ya kipindi cha michezo. Picha ya kuazima haimfundishi mtoto chochote.

Kwa shule za serikali suala ni jingine, nalo ni michango. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi, hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada. Mzazi amebakiwa na wajibu wa kununua sare za shule na za michezo, madaftari na kalamu, na kugharimia matibabu ya mtoto. Mchango mwingine wowote, ukiwamo wa nauli ya timu au wa mipira, ni wa hiari. Mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakuchangia safari ya timu. Anayechangia kwa ridhaa yake, na wengi hapa huchangia kwa moyo mweupe kabisa, adai stakabadhi yenye jina la shule, kiasi na kusudi la fedha. Fedha iliyotolewa mkononi, chini ya mwembe, bila maandishi, haina mwenyewe siku timu isiposafiri.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo fedha nyingi za kahawa hupotea. Mpira wa miguu huuzwa kwa namba. Namba 5, wenye mzingo wa sentimeta 68 hadi 70, ni wa wakubwa; namba 4, wenye mzingo wa sentimeta 63.5 hadi 66, unawafaa watoto wa shule ya msingi. Kipimo hiki hakihitaji fundi: mzazi azungushe uzi katikati ya mpira uliojazwa upepo, kisha aupime uzi kwa rula. Mpira ulioandikwa 5 ambao uzi wake unatoa sentimeta 64 umeandikwa uongo. Aombe ujazwe upepo dukani, aubonyeze karibu na tundu la pampu na kusikiliza, kisha auache dakika chache akiendelea na manunuzi mengine. Unaovuja utajionesha.

Viatu vya daluga vinahitaji subira zaidi. Avikunje kwa nguvu pale soli inapokutana na ngozi. Ikiwa gundi inaachia dukani, uwanja wa changarawe utavimaliza kwa wiki moja. Mtoto na avivae akiwa na soksi atakazochezea, kwa kuwa kununua vikubwa "ili avikulie" ni kumnunulia malengelenge na kifundo cha mguu kilichoteguka. Mtoto anayecheza netiboli au kukimbia hahitaji daluga. Raba nzuri zinamtosha. Vikinga ugoko ni kitu kidogo ambacho wazazi hukiruka, ilhali hugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda hospitali. Na kwa miezi hii, sweta la kuvaa baada ya mazoezi ni kifaa cha michezo kama vilivyo vingine: mtoto aliyelowa jasho hugandishwa na upepo wa jioni wa Karagwe kabla hajafika nyumbani.

Muuzaji asiyetoa risiti ya mashine amemnyima mlaji silaha yake ya kwanza. Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halifuti haki ya mlaji pale bidhaa inapokuwa mbovu au hailingani na ilivyoelezwa.

Lipo pia jambo linalokuja na mashindano yenyewe. Mtoto akifika ngazi ya mkoa na kung'ara, huenda akatokea mtu anayejiita wakala, mwenye kadi ya jina na picha na wachezaji maarufu katika simu yake, akiomba fedha ya "fomu", ya "majaribio" au ya pasipoti. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Hasaini mkataba peke yake, na hasafiri na mgeni. Mzazi amwambie mtu huyo waonane shuleni mbele ya mwalimu mkuu, kisha aulize kwa Baraza la Michezo la Taifa, au kwa shirikisho la mchezo husika, kama anatambulika. Wengi wa waongo huishia hapo hapo, kwenye mwaliko wa kuja shuleni.

Malalamiko kuhusu michango na michezo shuleni yaanzie kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, kisha kamati au bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri, iwe ya Karagwe au ya Kyerwa. Malalamiko kuhusu bidhaa yaanzie dukani, risiti ikiwa mkononi. Yasipotatuliwa, bidhaa bandia na matangazo ya kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Bidhaa isiyokidhi viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Barua iandikwe tarehe, jina la duka, bei iliyolipwa na kasoro iliyoonekana, na iambatishwe nakala ya risiti. Risiti halisi ibaki nyumbani.