Mipaka Ilipofungwa: Funzo Kutoka Mchezo wa Barafu

Tarehe 11 Machi mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekuwa janga la dunia nzima. Siku hiyo hiyo, serikali ya jimbo la Quebec, nchini Kanada, ilifuta mashindano ya ubingwa wa dunia ya kuteleza juu ya barafu, ambayo yalikuwa yaanze mjini Montreal tarehe 16 ya mwezi huo. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1896. Yaliwahi kusimamishwa na vita vikuu viwili vya dunia. Yaliwahi pia kufutwa mwaka 1961, baada ya ndege iliyochukua timu ya Marekani kuanguka nchini Ubelgiji na kuua wote waliokuwa ndani yake. Mwaka 2020 hapakuwa na vita wala ndege iliyoanguka. Kilichoyasimamisha ni ugonjwa, na baada ya ugonjwa, amri za kufunga mipaka.

Huenda msikilizaji akauliza: askari wa Uganda anayelinda kituo cha Malaba, Mutukula au Mpondwe ana haja gani na mchezo wa barafu? Jibu ni kwamba mchezo huu unaonyesha waziwazi, kuliko michezo mingine mingi, jambo linalotuhusu sisi sote tunaoishi kwa kutegemea majirani. Mpaka ukifungwa, hauwaumizi watu wote sawasawa. Humwumiza zaidi yule ambaye riziki yake, mwalimu wake au mwamuzi wake yuko ng'ambo.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Mchezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma, akateleza kwa kufuata muziki juu ya uwanja wa barafu iliyogandishwa kwa mitambo. Huruka, akajizungusha hewani mara tatu au hata mara nne, kisha akatua kwa mguu mmoja. Wengine hucheza peke yao, wengine wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Wala isidhaniwe kuwa ni mchezo wa raia watupu. Irina Rodnina, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 10 na medali 3 za dhahabu za Olimpiki, alitoka katika klabu ya jeshi la Kisovyeti mjini Moscow. Carolina Kostner, bingwa wa dunia wa mwaka 2012, alikuwa katika kikosi cha michezo cha askari magereza wa Italia.

Sasa tutazame jinsi mshindi anavyopatikana. Katika mbio, saa ndiyo mwamuzi. Tarehe 14 Agosti 2020, uwanja wetu wa ndege wa Entebbe ukiwa bado umefungwa kwa abiria wa kawaida, Joshua Cheptegei, ambaye ni askari wa polisi ya Uganda, alikimbia mita 5,000 mjini Monaco kwa dakika 12, sekunde 35 na nukta 36. Rekodi ya dunia iliyodumu tangu mwaka 2004 ikavunjika. Alipata taabu kufika huko, lakini alipofika, saa haikuuliza ametoka nchi gani.

Kwenye barafu mambo ni mengine. Hapo mshindi hupatikana kwa alama za waamuzi, ambao katika mashindano makubwa hufikia 9. Kila mmoja hupima ubora wa kila mruko na uzuri wa mchezo mzima. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Tena waamuzi hao hutoka mataifa mbalimbali, ili taifa moja lisimsifu mtoto wake kupita kiasi. Kwa hiyo mashindano ya kimataifa ya barafu yanahitaji watu wa namna tatu wavuke mipaka: mchezaji, mwalimu wake na mwamuzi. Akikosekana mmoja kati yao, mashindano yanaweza kufanyika, lakini uzito wake hupungua.

Katika msimu wa mwaka 2020 wote watatu walikwama. Mashindano yote ya vijana ya mfululizo wa Grand Prix yalifutwa. Kwa wakubwa, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza liliamua kwamba kila nchi mwenyeji ifanye mashindano yake kwa wachezaji wa nchini humo, pamoja na wageni waliokuwa tayari wakifanya mazoezi huko au walioweza kufika kutoka karibu. Mchezaji aliruhusiwa kushiriki mara moja tu, badala ya mara mbili kama ilivyo desturi. Marekani ilifanya mashindano yake Las Vegas mwezi Oktoba, bila watazamaji. China iliyafanya Chongqing kwa Wachina peke yao. Urusi iliyafanya Moscow, na Japani iliyafanya Osaka. Kanada na Ufaransa zilikuwa zimejiandaa, lakini zikalazimika kuyafuta. Fainali ya Beijing iliahirishwa, hatimaye haikufanyika.

Washindi walipatikana na medali zilitolewa. Hata hivyo Shirikisho halikuziingiza alama hizo katika kumbukumbu zake rasmi za viwango vya wachezaji, wala halikuzihesabu katika orodha ya ubora wa dunia. Sababu ni dhahiri. Mchezaji aliyepata alama nyingi nyumbani kwake, mbele ya waamuzi wa nyumbani, hakuweza kulinganishwa na mwenzake aliyefanya vivyo hivyo katika nchi nyingine. Mizani zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mawe yake.

Upande wa walimu ulikuwa na taabu zake pia. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2014 na 2018, alikuwa akifundishwa mjini Toronto na mwalimu Brian Orser tangu mwaka 2012. Janga lilipoingia alibaki kwao Sendai, akafanya mazoezi peke yake bila mwalimu. Ana maradhi ya pumu, na mwezi Agosti 2020 alijitoa katika Grand Prix, akieleza hatari ya ugonjwa na ugumu wa yeye na mwalimu wake kukutana. Bingwa mwenye jina kubwa namna hiyo aliweza kustahimili, na mwezi Desemba alitwaa ubingwa wa Japani. Lakini kijana anayeanza tu, kutoka nchi isiyo na uwanja wa barafu wa kutosha, akikosa msimu mmoja huenda asiurudie mchezo tena. Katika mchezo huu miaka ya nguvu ni michache.

Mfano ulio karibu zaidi na shughuli za askari wa mpakani ni ule wa Kanada na Marekani. Nchi hizo mbili zina mpaka unaokaribia urefu wa kilometa 8,900, na kwa miaka mingi watu wake wamezoea kuuvuka kama mtu anavyovuka barabara. Tarehe 21 Machi 2020 ulifungwa kwa safari zote zisizo za lazima. Kanada ilianza kuwapokea tena Wamarekani waliochanjwa tarehe 9 Agosti 2021, na Marekani ilifungua vituo vyake vya nchi kavu kwa wasafiri wa namna hiyo tarehe 8 Novemba 2021. Kwa kipindi cha zaidi ya mwaka mmoja, majirani hao waliishi kwa amri zilizotazamana kwa mashaka.

Mjini Montreal kipo chuo ambacho huwafunza wachezaji wa mataifa mengi, Wamarekani wakiwamo. Mmarekani aliyekaa huko, akienda kushindana Las Vegas, alipaswa kukumbuka sheria ya Kanada ya karantini ya siku 14 iliyowangoja wanaoingia nchini. Siku 14 chumbani ni hasara kubwa kwa mtelezaji. Mtu anaweza kukimbia mahali pamoja au kunyanyua vyuma chumbani, lakini hawezi kugandisha barafu sebuleni. Mruko wa mizunguko minne hutaka mazoezi ya kila siku, na anayeuacha kwa wiki mbili huhitaji muda mwingine wa kuurudisha.

Mwezi Machi 2021 ilijaribiwa njia ya pili. Mashindano ya dunia yalifanyika Stockholm, nchini Sweden, bila watazamaji, wachezaji wakiwa ndani ya uzio wa kiafya. Walipimwa kabla ya kusafiri, wakapimwa tena walipofika, na walitembea kati ya hoteli na uwanja tu. Nathan Chen wa Marekani alishinda upande wa wanaume, na Anna Shcherbakova wa Urusi upande wa wanawake. Mashindano hayo ndiyo yaliyoamua kila nchi ingepeleka wachezaji wangapi katika Olimpiki ya Beijing. Ndiyo maana nchi nyingi zilijitahidi kufika, ingawa wako waliochagua kubaki nyumbani, wakiwamo mabingwa wa Ufaransa katika dansi ya barafu, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron.

Njia ya tatu ilikuwa kuyahamisha mashindano. Hapa yalitokea mambo ya ajabu kidogo. Mashindano ya China ya mwaka 2021 yalihamishiwa Turin, nchini Italia. Mashindano ya Mabara Manne, ambayo ni ya wachezaji wa Afrika, Amerika, Asia na Oseania, yalikuwa yafanyike Tianjin, nchini China. Mwezi Januari 2022 yalifanyika Tallinn, nchini Estonia, yaani katika bara la Ulaya, ambalo si miongoni mwa hayo manne. Mji huo mdogo ulikuwa umepokea mashindano ya Ulaya wiki moja kabla. Uliweza kuwapokea wageni wakati miji mikubwa ilishindwa.

Kinyume cha hayo kilionekana Osaka. Fainali ya Grand Prix ilipangwa ifanyike huko kuanzia tarehe 9 Desemba 2021. Aina mpya ya kirusi, iliyoitwa Omikroni, ilipojulikana, Japani ilitangaza kuwazuia wageni wapya kuanzia tarehe 30 Novemba. Siku chache baadaye fainali ilifutwa. Hatuwezi kuilaumu Japani kwa kuwalinda watu wake, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Lakini mchezaji aliyejitayarisha mwaka mzima alipewa habari akiwa karibu kufunga mizigo yake.

Wala uzio wa kiafya haukuwa kinga kamili. Katika Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, wageni wote waliwekwa ndani ya mzunguko uliofungwa, wakapimwa kila siku. Hata hivyo Vincent Zhou wa Marekani, aliyekuwa amekwisha kuichezea timu yake, aligundulika kuwa na virusi na kulazimika kujitoa katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Mashindano yaliendelea, naye alibaki chumbani.

Sisi wenyewe tunalo la kukumbuka. Tarehe 19 Juni 2021, timu ya watu 9 kutoka Uganda ilifika uwanja wa Narita, nchini Japani, kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Walikuwa wamechanjwa na walikuwa na vyeti vya kupimwa. Mmoja wao aligundulika kuwa na virusi pale pale uwanjani, nao wenzake waliruhusiwa kuendelea na safari ya basi hadi mji wa Izumisano. Siku chache baadaye alipatikana wa pili. Jambo hilo halikuwa aibu ya Uganda. Lilionyesha kwamba cheti cha safari ni habari ya siku kilipotolewa, na kwamba ukaguzi wa mlangoni lazima ujue la kufanya na wenzake wa yule aliyekutwa na ugonjwa.

Tunakumbuka pia mistari ya malori huko Malaba mwaka 2020, ambapo madereva walingoja majibu ya vipimo kwa siku nyingi. Mizigo iliruhusiwa kupita, lakini mizigo haijiendeshi. Nafuu ilianza kupatikana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanzisha utaratibu wa pamoja wa kufuatilia malori na madereva kwa mitambo, ambao ulitaka cheti cha nchi moja kikubaliwe na nchi nyingine. Utaratibu huo ulikuja baada ya taabu. Ungekuwapo kabla, taabu ingekuwa ndogo.

Hilo ndilo funzo la mchezo wa barafu. Kufunga mpaka huenda kukawa jambo la lazima, na askari akipewa amri hiyo hana budi kuitekeleza. Lakini amri njema ina sifa tatu: hutangazwa mapema kadiri iwezekanavyo, humhusu kila mtu bila kuangalia jina lake, na hueleweka upande wa pili wa mpaka. Bingwa aliweza kukodiwa ndege, na dereva wa lori alilala chini ya lori lake. Tofauti hiyo askari wa mpakani huiona kabla ya watu wengine, na taarifa yake kwa wakubwa wake inaweza kusaidia kuirekebisha.

Magonjwa hayajaisha. Mwezi Septemba 2022 Ebola ilitangazwa nchini mwetu, na wilaya za Mubende na Kassanda zikawekewa vizuizi. Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Wakati wa kukubaliana na majirani juu ya vipimo, vyeti na njia za kupita ni sasa, vituo vikiwa wazi na foleni zikiwa fupi.