Halingi: mchezo uliofufuliwa na siasa

Hebu fikiria chama chako cha michezo kinakufukuza, kisa umecheza soka. Ireland hilo liliwezekana hadi 1971, na kisa chenyewe kinaanzia kwenye halingi, mchezo wa kale ambapo timu mbili za watu 15 hupiga mpira mdogo kwa magongo bapa.

Karne ya 19, chini ya utawala wa Uingereza, halingi ilikuwa inakufa. Njaa kuu ya miaka ya 1840 iliua na kuhamisha wanavijiji, huku kriketi ikienea. Novemba 1, 1884, mwalimu Michael Cusack na wenzake walikutana Thurles wakaanzisha GAA, chama cha kuifufua michezo ya asili. Na Cusack mwenyewe aliwahi kucheza kriketi na raga!

Wapigania uhuru nao wakajiunga. Kwao, kushika gongo ni kusema "sisi si Waingereza". Ndiyo maana michezo ya "kigeni" ikapigwa marufuku. Novemba 21, 1920, vikosi vya serikali vilifyatua risasi mechini Croke Park, Dublin. Watu 14 wakafa.

Mwaka 2007, timu ya raga ya England ilicheza uwanja huohuo. Wimbo wao wa taifa ukapigwa, watu wakausikiliza kwa utulivu. Sasa jiulize: bado ni mchezo tu?