Mtoto wa Gachoka Akienda Majuu, Ni Nani Anamlisha?

Msee, kuna kitu wengi hawajui. Ile skolashipu ya YES, ile hupeleka wanafunzi wa sekondari Marekani mwaka mzima, inakulipia safari na masomo. Lakini mathe na buda wanaokukaribisha kwao hawalipwi hata ndururu. Wanajitolea tu. Marekani ilianzisha hii kitu 2002, mwaka mmoja baada ya yale mambo ya Septemba 11, na Kenya iko ndani.

Sasa cheki, umetoka Gachoka, umezoea ndengu na jua ya Mbeere, halafu unajipata kwa keja ya watu hujui. Nje ni theluji, mbwa analala kwa kochi. Wiki ya pili unalia kwa bafu.

Hapo ndio koodineta anaingia. Sheria ya huko inamtaka aongee na wewe kila mwezi, na hiyo familia pia. Lazima aishi ndani ya maili 120 kutoka kwako. Kitanda chako mwenyewe pia ni lazima, usikubali kubanana. Mambo ikikataa kabisa, unaweza hamishiwa familia ingine bila kurudishwa home.

Najua huku kwetu tumefunzwa mgeni hachagui. Wewe sema mapema, kabla hiyo stori ndogo ikuwe kesi.

Na mathe wa Gachoka, pole pole na simu. Saa mbili usiku kwako, mwezi wa tisa, New York ni saa saba mchana. Kijana yuko darasani.