Kioo cha mbele cha gari kinapindwaje?

Juzi mdau mmoja kaniuliza kwenye maoni: mjomba wake kapasukiwa kioo cha mbele cha gari, na fundi wa mtaani anataka kumkatia kioo cha dirisha la nyumba kwa bei poa. Akubali? Jamani, asikubali! Na sababu iko kwenye jinsi kile kioo kinavyopindwa kiwandani.

Kioo chochote cha gari kinaanza kikiwa bapa. Zamani kukipinda ilikuwa shughuli, ndiyo maana Land Rover za kizamani na Kombi za kabla ya 1967 zina vioo viwili bapa na chuma katikati. Chrysler walitoa gari lenye kioo kimoja kilichopinda mwaka 1934, Imperial Airflow, lakini lile lilikuwa gari la matajiri.

Sasa twende kiwandani. Vinakatwa vipande viwili, kila kimoja unene wa kama milimita 2. Vinalazwa kimoja juu ya kingine, katikati umenyunyizwa unga maalumu ili visigandane. Chini yake kuna fremu ya chuma inayoshika kingo tu, katikati ni wazi. Vinaingizwa kwenye tanuri. Joto likifika nyuzi 600 na kitu, kioo kinalegea kama chapati mbichi na kubonyea chenyewe kwa uzito wake. Yaani hakuna anayekisukuma! Wanachocheza nacho ni joto tu: panapotakiwa kupinda zaidi wanaongeza moto, kwingine wanapunguza. Halafu kinapoozwa taratibu. (Ule mpaka mweusi wa pembeni nao unaokwa humo humo, kazi yake ni kukinga gundi isiliwe na jua.)

Kwa nini viwili kwa mpigo? Kwa sababu baadaye vinatenganishwa, unga unasafishwa, katikati inawekwa plastiki nyembamba ya milimita 0.76, kisha vinabanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka vinakuwa kitu kimoja. Vimepindwa pamoja, kwa hiyo vinaoana kama sahani mbili za seti moja. Visipooana, hewa inabaki katikati na kazi imeharibika.

Njia ya pili ni kukibana kioo kilicholainika kwenye kalibu. Ni ya haraka, na umbo linatoka sahihi zaidi, kwa hiyo hata vioo vya mbele vingine vinapindwa hivyo. Vya milangoni vingi vinabanwa kikiwa kimoja kimoja, kisha hapo hapo kinapulizwa hewa kwa nguvu. Nje kunaganda kwanza, ndani kunaganda baadaye na kuvuta. Ndiyo maana kikivunjika kinamwagika punje punje. Cha mbele tunataka kinyume: kipasuke lakini kibaki palepale, kimeshikwa na plastiki, abiria asirushwe nje.

Upindaji ukikosewa macho ndiyo yanaumia, maana dereva anachungulia kupitia kioo kilicholala. Niliwahi kukaa siti ya mbele kwenye daladala moja, kila tukipita nguzo ya umeme naiona inajikunja kama nyoka. Usiku ndiyo balaa, taa moja unaweza kuiona mbili.

Sasa kioo cha dirisha la nyumba ni bapa. Ukikilazimisha kwenye fremu iliyopinda kinakaa kimebanwa, shimo moja tu la barabarani kinapasuka. Hakina plastiki, kwa hiyo vipande vinakuja usoni vikiwa virefu kama visu.

Mdau, mwambie mjomba akatafute kioo cha modeli yake, hata kama ni used. Aangalie maandishi madogo kwenye kona: vingi vina neno LAMINATED. Akikuta TEMPERED hicho ni cha mlangoni au cha nyuma, akiache. Halafu kabla hajalipa akiinamishe kama kitakavyokaa kwenye gari, achungulie ukingo wa ukuta ulionyooka huku akisogeza kichwa taratibu. Ukuta ukicheza, aseme hapana.